Magoli 1,360 ya yule Muaustralia ni ya kweli, ila sio ya soka

Kuna ile meseji ya mchezaji mstaafu wa Australia, Tony Lockett, mwenye magoli 1,360, eti ndo mfungaji bora wa soka duniani ila anafichwa, kila mara inarudi kwenye magrupu. Namba ni ya kweli kabisa, kazifunga kwenye mechi 281 kuanzia 1983 mpaka 2002, ila mchezo ni mwingine jamani. Kule Melbourne, Australia, mtu akisema futiboli kwa kawaida anamaanisha mchezo wao wenyewe, unaitwa Australian rules, mpira una umbo la yai, kila timu watu 18, kudaka kwa mikono ruksa, na golini hakuna nyavu wala mtambaa wa panya, ni nguzo 4 tu zimesimama. Ukipiga ukapita kati ya zile mbili ndefu ni goli, pointi 6, ukipita pembeni yake unapata 1.

Kuhakiki ni rahisi, angalia matokeo yalivyoandikwa. Ukiona 15.10 (100) ujue ni magoli 15 mara 6, yaani 90, jumlisha zile 10 za pembeni. Soka haina hesabu hiyo.

Mkanganyiko unaanzia kwenye tafsiri, mtu anasoma futiboli anaandika mpira wa miguu basi. Kwahiyo ikikufikia tena usiiforwadi, mwambie aliyekutumia kwa upole tu, maana huyo jamaa kwenye ligi kuu ya mchezo wake hakuna aliyemfikia mpaka leo na anastahili kusifiwa kwa alichocheza kweli.