Huyo si tai, ni mwewe

Nimetumiwa picha nyingine tena: ndege mkubwa wa hudhurungi juu ya M40, barabara kuu ya England iendayo Oxford kutoka London, pale inapokata kilima karibu na Stokenchurch, na chini yake neno moja tu, "Tai!" Nafurahi watu wanapotazama juu, lakini kwa hili uvumilivu umeniishia. Tai wa dhahabu huzaliana Scotland. Yule wa mwisho wa England, aliyekaa peke yake Haweswater, kaskazini, alitoweka 2015. Tai mkia-mweupe walianza kurudishwa kisiwa cha Wight mwaka 2019, na kwa kuwa hutangatanga mbali, siwezi kuapa kwamba hapiti hata mmoja Chiltern, vilima hivi inakopita M40. Ila ndege unayemwona kila safari ukielekea Oxford ni mwewe mwekundu.

Chanzo cha kosa ni kuanza na ukubwa. Angani hakuna cha kumlinganisha naye, kwa hiyo jicho linabahatisha. Mwewe huyu ana mbawa za karibu sentimita 180 ncha kwa ncha, lakini uzito wake ni takriban kilo moja tu. Ndiyo maana anaonekana mkubwa huku akielea kama karatasi. Rangi nayo ni shahidi dhaifu: mawingu ya Uingereza yakiwa nyuma yake, kila ndege ni mweusi.

Tazama mkia. Nasema tena, mkia! Mwewe mwekundu ana mkia mrefu wenye panda, na anaukunja huku na huku muda wote kama usukani, hata pale mbawa zimetulia. Tai hafanyi hivyo. Shakivale, ndege mwingine mwindaji ambaye ndiye mnayemchanganya naye zaidi, ana mkia mfupi wa duara unaofunguka kama kipepeo cha mkono, na akizunguka juu huinua mbawa zake kidogo kuwa umbo la V. Mwewe huziweka bapa, au zikiinama kidogo. Usimtafute shakivale kwa rangi, maana wapo weupe kifuani na wapo weusi tii katika bonde lilelile. Na yule mdogo anayepigapiga mbawa akiwa amesimama hewani pembeni mwa barabara, kichwa hakisogei, ni kozi. Huyo hana utata.

Vitabu vya mfukoni huchora panda ile kana kwamba haibadiliki. Sivyo. Mwewe akiutandaza mkia wote ili ageuke, panda karibu inapotea. Mwewe mchanga ana panda fupi. Shakivale anayebadilisha manyoya wakati wa kiangazi anaweza kukosa yale ya katikati, na kwa mbali mkia wake ukaonekana umegawanyika. Kwa hiyo subiri ageuke mara mbili au tatu kabla ya kumtaja. Akitokomea nyuma ya miti kabla hujaridhika, andika "ndege mbuai" na uache hapo. Daftari langu lina wengi wa namna hiyo, na sioni sababu ya kuwabatiza kwa nguvu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kumwita tai kunafuta historia yake. Katika karne ya 19 mwewe huyu aliuawa kwa bunduki na sumu hadi akaisha England na Scotland. Wachache walinusurika katikati ya Wales. Kuanzia 1989 makinda kutoka Hispania waliachiwa Chiltern, na wengine kutoka Sweden wakapelekwa Scotland. Wakaongezeka hivi kwamba 2022 makinda wa England walianza kupelekwa Extremadura, Hispania, ambako mwewe walikuwa wamepungua. Na wale waliomuua wakidai anamaliza mifugo hawakumtazama akila: mizoga, panya, nyungunyungu wa shamba lililolimwa. Mdomo wake hauna nguvu ya kupasua ngozi ya kondoo mfu, husubiri kunguru au mbweha aanze.

Kama umekulia Mombasa au Dar es Salaam, umbo hili unalo kichwani tayari, kwa ndugu yake anayenyakua vifaranga uani. Unapofika Chiltern simama karibu na shamba trekta linapolima, darubini shingoni, na uanze na mkia.