Usichomoe waya wa betri kupima alteneta

Pita gereji za Gerezani au Ilala, hukosi kumwona fundi akilegeza nati kwa spana namba 10, kisha anachomoa waya wa hasi wa betri huku injini inaunguruma. Gari lisipozima, anasema alteneta, yaani mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ni nzima. Mazoea hayo yametoka enzi za dainamo, mashine ya kuchaji ya magari ya zamani. Kwa gari la leo ni hatari.

Betri haitunzi umeme tu, inatuliza volti pia. Ukiitoa ghafla alteneta ikiwa inachaji, sumaku ya ndani haiishi nguvu papo hapo: volti zinaweza kuruka kutoka 14 hadi kupita 100, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hiyo inatosha kuunguza daiodi (zinazogeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri), regyuleta (kidhibiti cha volti), hata kompyuta ya gari. Fyuzi nayo haiokoi, maana hukatika kwa ampea kuzidi, si kwa volti kupanda.

Tafadhali, fundi wangu, tumia mita ya kupima volti. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6; injini ikiwaka, kwa magari mengi, 13.8 hadi 14.5. Kisha washa taa na AC, uitazame tena.