Kichezeo kisichonuka si lazima kiwe salama

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya wazazi: nusa kichezeo cha mtoto, kisha kisugue kwa kitambaa chenye maji, kisiponuka wala kuchuja rangi, hakina sumu ya risasi, yaani yale madini mazito yanayotiwa kwenye rangi. Si kweli. Madini ya risasi hayana harufu. Kinachonuka kwenye rangi mbichi ni kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi, nacho hukauka na kupotea huku risasi ikibaki palepale. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Tena risasi hutiwa ili rangi ing'ae na idumu, hasa njano na nyekundu, kwa hiyo kutochuja hakuthibitishi lolote.

Mtoto anayeota meno hutafuna gari lake la mbao hadi kingo zikabaki nyeupe. Ile rangi ameimeza. Risasi hudhuru ubongo polepole, bila dalili za haraka, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Uhakika hupatikana maabara: rangi hupimwa, na nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi. Mtoto naye hupimwa damu hospitali. Kichezeo cha zamani kinachobanduka rangi kiondoe tu, usikikwangue, maana vumbi lake ni baya zaidi. Na ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.