Je, wajua kwa nini Wamarekani hugandisha ripoti zao za mikopo?

Nchini Marekani mwizi anaweza kununua gari kwa jina lako bila kugusa hata senti moja ya akaunti yako. Kadi yako ya benki haimhusu, nywila zako pia. Anachotaka ni jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii, ile yenye tarakimu tisa. Anaomba mkopo, anapewa, anatokomea. Deni linabaki kwako, na pengine utalijua miezi kadhaa baadaye, siku unapokwenda kupanga nyumba ukakataliwa.

Namba hiyo ilianza kutolewa mwaka 1936 kwa kazi moja tu, kuweka hesabu ya mapato ya mfanyakazi ili baadaye apate mafao yake. Polepole ikageuka kitambulisho cha kila jambo. Leo imo kwenye fomu za waajiri, mabenki, wenye nyumba na hospitali. Ni siri gani hiyo inayolala kwenye makabati ya watu usiowajua?

Sasa tazama mkopo unavyotoka. Mkopeshaji hakujui, kwa hiyo anauliza kampuni zinazotunza historia za wakopaji. Kubwa ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Wewe hukuwahi kujiandikisha kwao. Wao ndio wanaokuandika, kwa taarifa wanazopelekewa na mabenki, kampuni za kadi na wakusanya madeni. Jibu likirudi zuri, mkopo unaweza kutoka mteja akiwa bado amesimama kaunta.

Kugandisha ripoti ni kuyakata mazungumzo hayo. Unaiagiza kampuni isimwonyeshe mkopeshaji mpya faili lako, naye asipoliona, kwa kawaida hatoi fedha. Hakuna upelelezi uliofanyika hapo, wala aliyegundua kwamba mwombaji ni tapeli. Mwizi amekwama kwa sababu tu mkopeshaji anaogopa hasara. Ndiyo maana mimi naiamini njia hii kuliko zile huduma za kulipia kila mwezi zinazokutumia ujumbe pale jina lako linapotumika: ujumbe unakuja mtu akishaingia ndani.

Wengi waliisikia mara ya kwanza mwaka 2017, na waliisikia kwa ubaya. Kati ya Mei na Julai mwaka huo wadukuzi walikuwa ndani ya mifumo ya Equifax yenyewe. Walipita kwenye tundu la programu iitwayo Apache Struts, ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi bila kampuni kukiweka. Septemba 7 ikatangaza, na hesabu ya walioathirika ikafika watu wapatao milioni 147. Watu walikimbilia kugandisha, wakakuta katika majimbo mengi huduma hiyo inalipiwa, na inalipiwa kwa kila kampuni. Yaani mtunza ghala ameacha mlango wazi, halafu wewe ndiye unayeuziwa kufuli! Hasira hizo zilichangia sheria iliyosainiwa Mei 2018, na tangu Septemba 21 mwaka huo kugandisha ni bure nchi nzima. Ukiomba kwa simu au mtandaoni, kampuni ina siku moja ya kazi kufunga faili, na saa moja tu kulifungua ukilihitaji.

Ila lazima uende kwa zote tatu, kwa kuwa hazipashani habari za kugandisha. Ukifunga mbili umeacha mlango mmoja. Unapotaka kukopa mwenyewe, muulize muuza gari au benki wanatazama ripoti ya kampuni gani, kisha fungua hiyo peke yake kwa siku chache.

Alama zako za mikopo, zile ambazo mkopeshaji hupimia kama utalipa, hazishuki kwa kugandisha. Kadi ulizonazo zinaendelea kufanya kazi, na wanaokudai tayari bado wanaweza kuliona faili. Nataja hili kwa sababu ya wenzetu wa Kenya, ambako kuwekwa CRB, kampuni zao za kutunza historia za wakopaji, kwa lugha ya mtaani maana yake umeshindwa kulipa. Ndugu wa Nairobi akisikia ripoti yako imegandishwa, atakuuliza unadaiwa na nani.

Kuna pia wizi usiozuiwa na kufuli hii. Aliyeiba kadi yako atanunua vitu kama kawaida. Tapeli anayewasilisha hesabu za kodi kwa jina lako ili achukue fedha za kodi zinazorudishwa hahitaji ripoti ya mikopo hata kidogo. Huyo anazuiwa na mamlaka ya kodi, IRS, ambayo ukiomba hukupa namba ya siri ya tarakimu sita inayobadilishwa kila mwaka.

Watoto ndio mawindo matamu zaidi, maana nani hukagua madeni ya mtoto wa miaka minne? Namba yake inaweza kutumiwa vibaya mpaka afike umri wa kuomba mkopo wa chuo. Sheria ile ya 2018 inamruhusu mzazi kugandisha kwa niaba ya mtoto aliye chini ya miaka 16, akionyesha vielelezo kama cheti cha kuzaliwa. Na kwa kuwa mtoto kwa kawaida hana faili lolote, kampuni hulazimika kumfungulia moja kwanza, ili tu ipate kitu cha kugandisha.