Umeumwa na mbwa, na unanyonyesha

Jirani yangu aliumwa na mbwa kwenye muundi akitoka dukani. Kichanga chake kina miezi minne. Jeraha aliliosha kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, kama inavyotakiwa, akachoma sindano ya kwanza ya chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Balaa lilianza jioni, wanawake wenzake walipokuja kumpa pole.

"Ukishachoma hizo, ziwa limeharibika. Mtoto naye atapata kichaa."

Usiku ule akakamua kikombe kizima, akakimwaga sinkini. Mtoto akapewa uji mwepesi. Uji, miezi minne!

Maziwa yale hayakuwa na kosa. Virusi vya chanjo ya kichaa cha mbwa vimeshauawa kiwandani. Haviwezi kuzaliana mwilini mwa mama, seuze vimfikie mtoto. Shirika la Afya Duniani linaruhusu chanjo hii kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Wapo wanaoshauri "ngoja kwanza mtoto aache ziwa", na hapo ndipo ninapokasirika, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B, ya mafua inayochomwa kwa sindano: jibu ni lile lile. Na kahoma ka siku moja mbili baada ya kuchomwa hakachafui maziwa. Meza paracetamol, nyonyesha.

Ila wanaosema chanjo zote ni sawa tu nao wanakosea. Ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Brazil, mwaka 2009, mama alichanjwa siku 15 baada ya kujifungua. Mtoto akalazwa akiwa na siku 23, virusi vya chanjo vimefika kwenye ubongo. Alipona. Visa vya namna hii ni vichache mno, lakini kama mwanao hajatimiza miezi sita na unataka kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hii, kwa safari ya Congo, ongea na daktari kwanza. Safari ikiweza kusubiri, isubiri. Uliyechanjwa zamani usirudie: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Jirani yangu, sindano ya tatu alichomwa mkono wa kushoto akiwa kwenye benchi la zahanati. Mtoto alikuwa ziwa la kulia, wala hakugeuka.