Kulipwa kwa kula? Dhana potofu kuhusu wahakiki wa migahawa

Mtu akitaja kwamba kazi yake ni kuandika kuhusu migahawa, swali la kwanza huwa lilelile: "Yaani unakula, halafu unalipwa?" Anayeuliza hucheka, lakini kijiwivu kinasikika. Nyuma ya swali hilo kuna picha ambayo wengi tunayo: mtu mnene mwenye leso kifuani, mezani pa bure, ana ulimi usiokosea na kalamu inayoweza kufunga biashara ya mtu kabla ya Ijumaa. Picha hiyo ina makosa mengi. Ina pia chembechembe za ukweli, na hizo ndizo zinazoifanya isife.

"Wanakula bure"

Hili halikuzuka hewani. Anayetajwa mara nyingi kuwa baba wa kazi hii, Mfaransa Grimod de La Reynière, alikula bure kwelikweli. Mwaka 1803, migahawa ya Paris ikiwa bado ni jambo geni, alianza kuchapisha *Almanach des gourmands*, mwongozo wa mahali pa kula na pa kununua vyakula. Wapishi na wenye maduka walimpelekea bidhaa zao, jopo lake la waonjaji likakaa mezani, likala, likatoa hukumu, na hukumu ikapigwa chapa. Lawama za upendeleo hazikuchelewa. Mkono mtupu haulambwi, na mwenye duka ambaye hakupeleka kitu alilijua hilo bila kuambiwa. Matoleo yalikoma mwaka 1812.

Aliyeigeuza kazi hii ikawa ya uandishi wa habari ni Mmarekani, Craig Claiborne. Alizaliwa Mississippi mwaka 1920. Mama yake alikuwa na nyumba ya kulaza na kulisha wapangaji, kwa hiyo mtoto alikulia karibu na jiko la watu wengi. Alisomea uandishi wa habari, akatumikia jeshi la majini, kisha akaenda chuo cha hoteli Lausanne, Uswisi. Mwaka 1957 gazeti la New York Times lilimpa uhariri wa kurasa za chakula, akawa mwanamume wa kwanza kukikalia kiti hicho, maana kurasa hizo zilihesabiwa kuwa mambo ya akina mama. Alikuja na utaratibu ambao leo unaonekana wa kawaida: mhakiki haendi kwa jina lake, anarudi zaidi ya mara moja, na bili inalipwa na gazeti. Miaka ya 1960 zikaongezwa nyota za kupimia ubora wa mgahawa.

Hapo kwenye bili ndipo penye kiini. Kwa miaka mingi gazeti hilo limemtaka mhakiki wake aende mgahawa mmoja angalau mara tatu kabla hajaandika. Tena haendi peke yake, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuonja menyu nzima, hivyo huongozana na wenzake wawili watatu, kila mmoja akiagiza kitu tofauti na sahani zikizungushwa. Piga hesabu: makala moja, ziara tatu, watu wanne. Ndiyo maana magazeti mengi yamekiacha kiti hiki wazi. Nafasi hiyo imejazwa na watu wa mitandaoni, ambao wengi wao hualikwa na mgahawa wenyewe. Sina ugomvi nao, picha zao ni nzuri. Ila mlo wa kualikwa ni tangazo, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Kinachochekesha ni kwamba mlo wa Claiborne uliovuma kuliko yote haukutoka mfukoni mwake wala mwa gazeti. Mwaka 1975 kituo kimoja cha televisheni cha New York kiliendesha mnada wa kuchangisha fedha, na American Express, kampuni ya kadi za malipo, ikatoa zawadi ya chakula cha watu wawili, popote, bila kikomo cha gharama. Claiborne aliweka dau la dola 300, akashinda. Alimchukua rafiki yake mpishi, Pierre Franey, wakaenda Paris kwenye mgahawa wa Chez Denis, wakala sahani 31 na kunywa mvinyo wa aina tisa. Bili ilikuwa dola 4,000. Habari ikatoka ukurasa wa kwanza wa gazeti, na barua za wasomaji waliokasirika zikamiminika. Kumbuka kwamba uchumi wakati ule ulikuwa mbaya. Mimi nadhani wasomaji hawakukosea. Claiborne mwenyewe alisema hata chakula hakikuwa kizuri chote.

"Wakijulikana, kazi imeharibika"

Kuna mtu aliyelipima jambo hili hadharani. Ruth Reichl alipohama kutoka Los Angeles kwenda kuwa mhakiki wa New York Times mwaka 1993, aligundua kwamba picha yake ilikuwa tayari imebandikwa kwenye majiko ya New York hata kabla hajafika. Basi akanunua wigi na nguo za mitumba, akajitungia majina, akapata hata kadi za benki za majina hayo.

Akiwa na sura ya mama wa kawaida tu aliingia Le Cirque, mgahawa wa matajiri uliokuwa na nyota nne, ambazo ndizo za juu kabisa. Aliomba meza ya wasiovuta sigara, akakalishwa kwa wavutaji. Akapewa orodha ya mvinyo, lakini kabla hajaifungua mhudumu akarudi amenyoosha mkono: anaihitaji. Ikamchukua dakika 20 kuiona tena. Siku nyingine akaenda bila kujificha, wakamtambua. Mwenye mgahawa alimpitisha katikati ya watu waliokuwa wakisubiri, akamwambia kwamba Mfalme wa Hispania yuko baa anangoja, lakini meza yako wewe iko tayari. Hata matunda ya rasiberi juu ya kitindamlo yalikuwa yamekua mara tatu. Oktoba 29, 1993, Reichl alizichapisha ziara zote mbili bega kwa bega, na nyota zikawa tatu. Wahenga walishamaliza: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa hiyo kujificha kuna maana. Lakini watu huikuza maana hiyo kupita kiasi. Mgahawa uliokutambua unaweza kubadilisha tabasamu, meza, ukubwa wa tunda na kasi ya mhudumu. Hauwezi kuajiri mpishi mpya ndani ya dakika tano, wala kuupika upya mchuzi ulioanza asubuhi. Mhakiki mzoefu aliyetambuliwa huacha kutazama sahani yake, akatazama ya jirani.

Uingereza, kwa mfano, wahakiki wakubwa wengi hawajifichi kabisa, na picha zao hukaa juu ya safu zao. A. A. Gill wa Sunday Times alijulikana sura kiasi kwamba mwaka 1998 Gordon Ramsay alimtoa nje ya mgahawa wake, yeye na mwigizaji Joan Collins aliyekuwa naye mezani. Huko Los Angeles, mhakiki Jonathan Gold aliamua mwaka 2015 kuachana na kujificha, akikiri kwamba wenye migahawa walikuwa wakimjua siku nyingi, na kilichobaki kilikuwa maigizo tu. Pande zote mbili zilijifanya hazijuani.

"Lazima uzaliwe na ulimi wa pekee"

Kuna watu wanaohisi ladha kwa nguvu kuliko wenzao, hilo ni kweli. Mwanasayansi Linda Bartoshuk aliwapa jina la "supertasters" miaka ya 1990, na katika tafiti zake walikuwa takriban robo ya watu. Ila usikimbilie kuwaonea wivu. Kwao uchungu ni mchungu mno na pilipili ni moto mno. Mtu wa namna hiyo mara nyingi huchagua vyakula, na mhakiki anayechagua vyakula ni kama dereva anayeogopa barabara.

Isitoshe, sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopandia puani kutoka nyuma ya koo. Ziba pua ukitafuna, utaona chakula kinavyobaki tamu, chumvi, chachu na uchungu tu, bila jina. Na ile ramani ya ulimi tuliyochorewa shuleni, utamu mbele, uchungu nyuma, ni tafsiri mbovu ya majaribio ya Kijerumani ya mwaka 1901. Ulimi unaonja kila ladha karibu kila mahali penye vionjio.

Kinachomtofautisha mhakiki ni kumbukumbu na viatu vilivyolika. Gold alisomea muziki, akipiga selo, kisha akawa msahihishaji wa prufu katika gazeti la LA Weekly. Akiwa kijana wa miaka ya ishirini alijipa kazi ya kula katika kila mgahawa wa barabara ya Pico, mmoja baada ya mwingine. Safu yake ilianza mwaka 1986, na mwaka 2007 akawa mhakiki wa migahawa wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Alipofariki mwaka 2018 kwa kansa ya kongosho, mji uliomboleza kama umefiwa na mtu aliyewafundisha majirani kujuana. Gill naye alikuwa na tatizo la kusoma na kuandika, herufi zilimchezea tangu utotoni. Makala zake alizitamka kwa simu, mtu wa upande wa pili akiandika. Sijui ushahidi bora zaidi kwamba kazi iko kwenye sentensi, na sentensi inaweza kutoka hata kwa mtu asiyeweza kuiandika sawasawa.

Je, lazima awe mpishi? Hapana. Inasaidia kujua kwa nini samaki amekauka. Lakini mteja naye si mpishi, na makala inaandikwa kwa ajili yake.

"Neno moja lao linafunga mgahawa"

Novemba 2012, Pete Wells wa New York Times aliuandika mgahawa wa mpishi wa televisheni Guy Fieri karibu na Times Square kwa mtindo usiosahaulika: makala nzima ilikuwa maswali, moja juu ya jingine, yakimuuliza mwenyewe kama amewahi kula hapo. Dunia nzima ilisoma. Ungedhani mgahawa umekufa wiki hiyo. Uliendelea hadi mwisho wa mwaka 2017. Watalii wanaotafuta pa kula baada ya kutembea hawajali nyota za gazeti.

Ziko habari za upande wa pili. Mwaka 2003 gazeti la Sydney Morning Herald liliukosoa vikali mgahawa mpya wa Coco Roco, nao ukafungwa miezi michache baadaye. Wenye mgahawa wakashtaki, kesi ikapanda na kushuka mahakamani zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2014 wakapewa zaidi ya dola 600,000 za Australia. Mgahawa mpya, wenye madeni ya ujenzi na usio na wateja wake wa kudumu, ndio unaoumia. Uliokwisha kujijengea jina hupangusa vumbi na kuendelea.

Kesi hizi hutofautiana kwa nchi. Marekani, mgahawa wa Mr Chow ulishtaki kwa sababu ya kitabu cha mwongozo cha Gault/Millau kilichodai, pamoja na mengine, kwamba bata wa Peking aliletwa kwa sahani moja badala ya tatu za desturi. Walishinda mwanzoni, lakini mahakama ya rufaa ikatengua mwaka 1985, ikisema sehemu kubwa ya maneno yale yalikuwa maoni. Kusema nyama ilikuwa ngumu ni maoni yako. Kusema ilikuwa ya juzi ni madai, na madai yanahitaji ushahidi. Mhariri mzuri huamka usiku kwa ajili ya tofauti hiyo.

"Ni raha tupu"

Wells aliacha kiti hicho mwaka 2024, baada ya miaka 12. Alieleza sababu bila kuipamba: alikwenda kupimwa, majibu yakawa mabaya karibu kila mstari. Kolesteroli, sukari na shinikizo la damu vilikuwa juu, na madaktari wakataja ini lenye mafuta na dalili za awali za kisukari. Jambo lililonigusa kuliko vipimo ni alilolisema pia, kwamba aligundua hahisi njaa tena, si kama zamani. Huwezi kuomba saladi tu ukiwa kazini, maana msomaji anataka kujua habari za mbavu, za keki, na za kile kitu cha kukaangwa ambacho mgahawa unajivunia. Na kesho usiku kuna mgahawa mwingine.

"Huandika kuhusu mahali pa gharama tu"

Gold alikwishajibu hili kwa miaka thelathini. Lakini ninayempenda zaidi hapa ni Marilyn Hagerty wa gazeti la Grand Forks Herald, North Dakota. Machi 2012, akiwa na miaka 85, aliandika kuhusu tawi la Olive Garden lililofunguliwa mjini kwao, mgahawa wa kampuni ya kitaifa yenye matawi kila mahali. Intaneti ilimcheka kwa siku mbili, kisha ikamgeukia na kumpenda. Mwaka uliofuata Anthony Bourdain, mpishi na mwandishi aliyejulikana kwa ukali wa ulimi, alichapisha mkusanyiko wa makala zake.

Ukiisoma leo unaona hakuna cha kucheka. Hagerty alijua foleni zilikuwa ndefu tangu kufunguliwa, kwa hiyo akaenda alasiri ili apate nafasi. Aliagiza kuku na pasta ya mchuzi wa maziwa, akaandika kwamba chakula kilimpa joto siku ya baridi. Akawaeleza majirani zake kuna meko, kuna milango ya matao, na juu ya rafu kuna vyombo vya maua yasiyonyauka.