Mauzo ya dawa za cheti yanatuambia nini kuhusu matumizi mabaya?

Dawa za cheti ni zile ambazo kisheria hutolewi mpaka mtabibu akuandikie. Watafiti wanapotaja mauzo yake kwa jumla, wanamaanisha kiasi cha dawa, si fedha iliyopatikana. Dawa ikipanda bei, fedha huongezeka hata kama hakuna kidonge cha ziada kilichomezwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake: wastani wa dozi ya siku kwa mtu mzima anayetumia dawa hiyo kwa ugonjwa inaoutibu hasa. Dozi hizo hugawanywa kwa idadi ya watu, ikajulikana kila watu 1,000 wanatumia ngapi kwa siku.

Matumizi ya kupita kiasi na matumizi mabaya ni mambo mawili. Anayemeza antibiotiki kwa mafua ya virusi kwa sababu ameandikiwa, au anayeendelea na dawa ya usingizi mwaka wa tatu kwa cheti kinachorudiwa tu, anatumia kupita kiasi, lakini hajavunja agizo lolote. Matumizi mabaya ni kutoka nje ya maelekezo: kujiongezea dozi, kumeza dawa ya mwenzako, kuitafuta kwa ajili ya kulewa. Tukiyachanganya, mgonjwa hubebeshwa lawama ya kosa lililoanzia kwenye kalamu ya mtabibu.

Wazo la kuunganisha jumla na ziada lilianzia kwenye pombe. Mwaka 1956 Mfaransa Sully Ledermann, mtaalamu wa takwimu za watu, alieleza kuwa wastani wa unywaji wa jamii ukipanda, idadi ya wanywaji wa kupindukia hupanda nao. Hesabu zake zilikosolewa sana, ila wazo lilibaki.

Kwa dawa za cheti, kinachounganisha mambo haya mara nyingi ni mabaki. Mtu akiandikiwa vidonge 30 vya maumivu baada ya upasuaji, akahitaji 8, vile 22 hukaa kabatini. Vyeti vikiongezeka, makabati ya namna hiyo huongezeka, na kijana au mgeni anayevifikia haandikiwi na mtu. Tafiti za kitaifa za Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wanaotumia vibaya dawa za maumivu huzipata kwa rafiki au ndugu, au kwa cheti chao wenyewe. Muuzaji wa mtaani ni chanzo cha wachache.

Marekani ndiko uhusiano huu ulikoonekana kwa uchungu zaidi. Kati ya 1999 na 2010 mauzo ya opioidi, yaani dawa za maumivu za jamii ya afyuni, yaliongezeka karibu mara 4, na vifo vilivyohusishwa na dawa hizo vikapanda kwa kiwango hicho hicho. Mwaka 2012 vyeti vilipita milioni 250, kisha vikaanza kushuka. Vifo vya opioidi kwa ujumla havikushuka navyo: heroini, na baadaye fentanili inayotengenezwa kinyume cha sheria, zilishika nafasi. Aliyekwisha kuwa mraibu haponi kwa sababu daktari ameacha kuandika. Akikatiwa dawa ghafla bila tiba ya uraibu, anaweza kuangukia kitu cha hatari zaidi, na hili naliona kuwa jambo linalosahauliwa mno kila takwimu za vyeti zinaposhuka na watu wakashangilia.

Wala jumla kubwa peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Ujerumani imo katika nchi zinazotumia opioidi nyingi kwa kila mtu, lakini haikukumbwa na wimbi la vifo kama la Marekani. Inabidi kuuliza nani anapewa, kwa ugonjwa gani, dozi gani, na kwa muda gani anafuatiliwa. Wastani huficha hayo yote. Dozi 10 kwa watu 1,000 zinaweza kuwa wagonjwa 10 wenye dozi ya kawaida, au watu wawili wanaomeza mara 5 ya kipimo.

Mauzo madogo nayo yana maana yake. Sehemu kubwa ya mofini duniani hutumika katika nchi tajiri chache. Kwingineko takwimu ni ndogo kwa sababu mgonjwa wa saratani anakufa na maumivu ambayo dawa ya bei nafuu ingeyatuliza.